Kichwa cha Treni Kilichotutia Hofu Baraka

Jumatano asubuhi simu yangu iliita kwa namba nisiyoijua, nami sikuipokea. Iliita tena, nikaiacha. Mara ya tatu nikapokea, nikiwa tayari kumgombeza yeyote aliyekuwa upande wa pili. Ilikuwa sauti ya mama mmoja wa Lweba. "Mwalimu, fundi ametuacha. Bibi yake anasema ukuje." Nilimuuliza kwanza nani amempa namba yangu. Kisha nikamuuliza yeye ni nani kwa marehemu. Ndipo nikakumbuka kuuliza amekufa na nini. Nayaandika maswali yangu kwa mpangilio huohuo, wala sijivunii. Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii wananijua: mimi ni mtu wa kushuku, na kwa miaka mingi nimejitetea kwamba katika nchi kama yetu, asiyeshuku hazeeki. Leo namkumbuka mtu ambaye shaka yangu ilimfikia mlangoni kwake, kwa namna niliyokuja kuielewa siku ya maziko yake tu.

Alikuwa fundi wa vyerehani na redio, mwenye kibanda cha mbao karibu na soko la Baraka. Ujanani alifanya kazi katika karakana ya reli kule Kalemie, akipaka mafuta injini na kufunga nati zenye ukubwa wa ngumi. Vita vilimvusha ziwa hadi kambini Tanzania, amani kidogo ikamrudisha, na huku kwetu, ambako wengi hawajawahi kuona treni kwa macho, akajifunza kuishi kwa vyuma vidogo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimpelekea redio hakukuambia ina nini. Alikuambia siku ya kuja kuichukua. Watu wa maneno mengi kama mimi huwa tunaona kimya cha namna hiyo kuwa mlango uliofungwa, na kila mlango uliofungwa tunaujazia vitu vyetu wenyewe.

Miaka sita iliyopita, mwanzoni mwa kiangazi, alianza kufunga mlango kweli. Ilikuwa kila siku baada ya chakula cha mchana. Ukipita unasikia mvumo mdogo, kama nyuki aliyenaswa ndani ya kopo, kisha kimya, kisha harufu ya mafuta ya taa. Tena kuna mzee mmoja mfugaji kutoka milimani, mwenye kofia pana na fimbo, aliyeonekana akiingia pale na katoni iliyofungwa kamba. Wakati ule kati ya watu wa huku chini na watu wa huko juu hali ilikuwa mbaya. Kila wiki kulikuwa na habari ya ng'ombe walioibwa au nyumba zilizochomwa, na kila upande ulikuwa na orodha yake ya wafu. Mzee yule alipita sokoni akiangalia chini, na sisi tukamsindikiza kwa macho. Muuza dagaa aliyekaa mkabala na kibanda alinishika mkono: "Mwalimu, we hauoni? Iko natengeneza bombe mule." Nilimwambia aache uzushi wa mabomu. Lakini jioni hiyohiyo, nikinywa chai na shefu wa mtaa wetu, nilimtupia swali, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua: "Hivi, fundi anatengeneza nini siku hizi hata anajifungia?" Ni swali tu. Sikumshtaki mtu. Nililala vizuri.

Kesho yake alasiri shefu alikuja na wanajeshi wawili. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokusanyika dirishani. Walichokikuta mezani, nisiwafiche, kilifanana kabisa na tulichokiogopa: sahani nyeupe ya bati yenye skrubu ndogo ndogo, mota isiyozidi kidole gumba, nyaya nyembamba, betri ya pikipiki. Pembeni, juu ya kitambaa, kulikuwa na ganda la chuma jeusi lenye bomba la moshi, urefu wa kiganja na nusu. Mwanajeshi mmoja, mwenye alama ya kovu kidevuni, alielekeza bunduki kwenye sahani kana kwamba sahani ingekimbia.

"Ile ni nini?"

"Ni kichwa ya treni," fundi akasema. "Ya muchezo. Ya zamani."

"Treni? Baraka iko na treni?"

Fundi akaeleza, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile. Baba wa yule mzee wa milimani alikuwa mlinzi wa nyumba ya mhandisi mmoja Mzungu wa reli kule Kalemie. Mzungu alipoondoka, alimwachia mtoto wa mlinzi katoni ile. Mtoto ndiye mzee huyu. Nyumba yake ilichomwa, ng'ombe wake wakaenda, katoni ikabaki kwa sababu ilikuwa imefichwa kwa jirani. Alikuwa amesikia sokoni kwamba Baraka kuna mtu wa reli.

"Na unafunga mulango juu ya nini?"

"Juu ya macho ya batu, shefu. Bangemuona muzee humu, bangemufanyia mubaya."

Shefu alitaka kuamini, mwanajeshi hakutaka. Alisema vyote viende kambini, na mwenye navyo. Fundi akakaa kwenye kigoda chake. "Munipe kwanza nafasi nikiunge. Kikitembea, mutakuwa mumeona. Kisipotembea, munibebe." Wakamwachia. Alisafisha kwa mswaki mkuukuu grisi iliyokuwa imekauka kama gundi kwenye meno ya magurudumu ya ndani. Alishika kwa kibano vipande viwili vya makaa, alivyovichonga mwenyewe kutoka kwenye moyo wa betri ya tochi iliyokufa, akavitia mahali pake ili vipeleke umeme kwenye mota. Akachovya sindano kwenye mafuta ya cherehani, tone moja kila mahali pa kuzungukia. Akafunga ganda, akaweka kichwa juu ya duara la reli zilizojaa meza, akagusisha waya kwenye betri.

Kikanguruma, hakikusogea. Moshi mwembamba ukatoka chini yake, na dirishani sote tukarudi nyuma hatua moja. Mwanajeshi mwenye kovu akasema, "Simama." Fundi hakusimama. Alikifungua tena, akatoa kipande kimoja cha makaa, akakitazama kwenye mwanga. "Mafuta imefika kwa makaa. Ni mi nilizidisha." Akakifuta kwa ncha ya shati lake, akafunga upya, akagusisha. Kikatetemeka, kikasogea kiasi cha unene wa kidole, kisha kikaondoka, fimbo zake ndogo zikipanda na kushuka pembeni mwa magurudumu, duara zima, na tena. "Eeh! Iko natembea!" alipiga kelele mwanajeshi yuleyule, akaweka bunduki ukutani na kupiga magoti ili macho yake yawe sawa na meza. Watu walicheka kwa namna ya watu waliokuwa wanaogopa. Mimi sikucheka. Nilisimama pale nikijiuliza kama treni ile haikuwa imewekwa ili kuficha kitu kingine.

Mzee wa milimani hakurudi kukichukua kichwa kile cha treni. Kiangazi kikaisha, mwaka ukaisha. Hapo shaka yangu ikapata kazi mpya: pengine fundi alimfukuza ili abaki nacho. Siku moja nilimpelekea redio yangu nikamuuliza, "Mwenyewe hakuja kweli?" Akasema, "Atakuja." Kila mwanzo wa kiangazi na kila mwanzo wa mvua alikifungua, akafuta grisi ya zamani, akatia tone lake la mafuta, akakizungusha mara chache na kukirudisha katika katoni. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua na mali ya mtu. "Ikilala sana mafuta inakauka, mwalimu. Siku mwenyewe anakuja, isimukatalie." Akanirudishia redio yangu, iliyokuwa imepona, na salamu za nyumbani.

Basi Alhamisi nikapanda pikipiki hadi Lweba, kijijini kwao fundi. Tulimzika adhuhuri. Baada ya maziko, tukiwa tumekaa kwenye viti vya kanisa uani, aliingia kijana mmoja mwenye koti la mvua na kibuyu cha maziwa, matope ya milimani hadi magotini. Nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Uyu naye anatafuta nini?" Na nikiri, lilikuwa swali langu pia. Alikwenda moja kwa moja kwa mjane, akapiga goti.

"Mama, mi ni mutoto wa ule muzee wa kichwa ya treni. Baba amezeeka, hawezi tena kushuka. Ile mwaka, akiwa njiani kuja, alisikia basoda na bunduki baliingia kwa fundi. Akasema: bamemuua juu yangu. Akarudia njiani. Hakutaja tena Baraka. Jana asubuhi tunasikia fundi amekufa kwa ugonjwa. Baba akasema: kumbe alikuwa muzima? Alilia siku muzima. Amenituma kuomba musamaha."

Mjane aliingia ndani, akatoka na katoni, kamba ileile, akamwekea mikononi. "Aliipaka mafuta mwezi uliopita," akasema. Kijana alitaka kuifungua ili waliokaa pale waione. Mjane akamzuia. "Funga. Hatukuombi ushahidi." Kisha akanitazama mimi, bila hasira, kama mtu anayetazama saa. "Fundi alijua ni nani aliuliza shefu. Alisema: mwacheni, anaogopa kama siye bote."

Miaka sita alinitengenezea redio akijua. Miaka sita mzee mmoja huko juu alibeba mauti ambayo hayakuwa yametokea, na yaliyotoka kinywani mwangu pamoja na mvuke wa chai. Nilimsindikiza kijana hadi mwisho wa kijiji, kwa sababu macho yalikuwa mengi, na njiani nikamwambia ni mimi. Nikamwomba amwambie baba yake. Alihamisha katoni kutoka kwapa moja hadi jingine, akafikiri. "Mi sitabeba iyo neno, mwalimu. Panda we mwenyewe, umuambie."

Jumatatu napanda. Sijui nitapokewaje, na tayari nimejishika nikijiuliza kama kijana yule hana nia nyingine ya kuniita huko. Tabia haizikwi pamoja na marehemu. Wala sitawadanganya kwamba nitaacha kushuku, kwa maana mahali petu pamejaa makaburi ya walioamini haraka. Ila kibanda cha fundi kilikuwa hatua arobaini kutoka kwangu, na ningeweza kugonga nikauliza, na angeweza kunijibu au kunifukuza. Swali ambalo sina ujasiri wa kumuuliza mtu usoni, sina haki ya kulipeleka kwa mwenye bunduki.