Chapa ya Mama Ndani ya Bangili

Nyumba yetu ya Mabela, pembezoni mwa mji, ilinuka fedha iliyopashwa moto. Harufu ile iliingia mpaka kwenye sare zangu za shule, na watoto wa darasani waliponicheka niliwaambia pua zao ndizo mbovu. Mama alikuwa sonara. Alifanya kazi kwenye stoo nyuma ya jiko, akifua bangili na kuzitia nakshi, kisha kaka yake, Mjomba Khalfan, alizipeleka dukani kwake Ruwi, katikati ya mji. Ndani ya kila bangili, upande unaogusa ngozi, iligongwa chapa ya Mjomba. Mji mzima ulimsifia ufundi wake, naye hakuwahi kushika hata tupa.

Likizo moja Baba alirudi kutoka masomoni Marekani na bangili ya feruzi, yale mawe ya buluu. Alisema imetengenezwa na mtu na mkewe, wenyeji wa asili wa kule: mume, wa kabila la Wanavaho, alifua fedha; mke, wa kabila la Wazuni, alikata na kupanga mawe. Mama hakuivaa. Aliipindua kwanza, kama masonara wafanyavyo, akaona chapa mbili, ya mume na ya mke, zimekaa pamoja. Siku ile ile alichukua msumari wa chuma kigumu, akauchonga mpaka ncha yake ikawa herufi ya kwanza ya jina lake, akaanza kuigonga ndani ya bangili mahali pa chapa ya Mjomba.

Mjomba alipokuja kuchukua bangili za bibi harusi mmoja, alizipindua, sura ikambadilika.

"Zuwena, nini hii? Wallahi watazirejesha! Nani atanunua fedha yenye chapa ya mwanamke?"

"Wakizirejesha n'tazivaa mwenyewe," Mama alijibu. "Ukitaka chapa yako, kaka, nyundo hiyo hapo. Kaa ufue."

Zilirejeshwa kweli, na Mjomba akasusa kutuletea kazi. Lakini harusini kwa bibi harusi yule yule tulialikwa. Mama alizivaa zote, zikalia kila alipopiga makofi, na aliyeuliza fundi ni nani, Mama alivua moja akamwonyesha chapa. Nilijivuna mpaka nikakosa adabu. Baadaye wanawake walianza kuja wenyewe mlangoni kwetu kuagiza bangili.

Leo nina duka langu la fedha mtaa wa Al Khuwair, na wateja hutafuta chapa kabla ya kuuliza bei. Wapo wanaoniambia mambo yamebadilika tu, dunia imekwenda mbele. Nawakatalia, tena kwa ukali. Hayakubadilika yenyewe. Mwanamke mmoja aligoma, akala hasara, kisha akaivaa hasara yake akaenda nayo harusini.