Jina la Babu Jeshini

Ilianza Jumanne ya likizo, saa tatu na robo asubuhi, kwenye ofisi moja mjini Tanga inayoshughulikia wanajeshi wastaafu. Karani aliita jina la Kikristo, na babu yangu, aliyekuwa amekaa kando yangu na kanzu yake na kofia yake, akasimama wima kama kijana.

"Nipo, afande."

Nyumbani Chumbageni ukimwita babu unarudia mpaka unachoka. Bibi husema masikio yake aliyasahau vitani. Siku ile yalisikia mara moja.

Kwamba babu alizaliwa Mkristo, kwao Muheza, haikuwa siri. Aliingia jeshini kwa jina alilobatizwa. Baadaye akampenda bibi, akasilimu, akapewa jina jingine, na ndilo tunalomjua nalo sisi, majirani na msikiti mzima. Ila jeshini hakwenda kulibadilisha. Kumbukumbu zake zote za utumishi zikabaki na jina la zamani, na hakuna aliyejali.

Bibi alianza kujali alipofariki jirani yetu, naye mwanajeshi mstaafu, naye alisilimu ukubwani. Ndugu zake walishuka kutoka milimani, wakaonyesha vyeti vya jeshi vyenye jina la kanisani, wakasema huyu ni wetu. Watu walibishana maiti ikiwa bado ndani. Mwishowe wakamchukua. Mjane wake akakaa eda bila kujua hata mumewe alizikwaje. Bibi aliporudi kutoka kwenye msiba ule hakula.

"Nenda ukabadilishe lile jina," alimwambia babu. "Mimi sina nguvu ya kugombea maiti."

Babu akasema sawa. Tangu hapo kila akiulizwa, jibu ni lile lile: jeshi lina taratibu zake, faili linatembea. Bibi akachoka kusubiri. Jumatatu ile akaniita jikoni.

"Mke mwenzangu," akasema. Ndivyo anavyonitania, maana kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. "Kesho unakwenda na mume wetu. Ukae naye mpaka uone mhuri unagongwa, halafu uje uniambie mimi."

"Mbona mimi, bibi? Mimi siwezi kuongea na watu wa ofisini."

"Nani kakwambia uongee? Nimekwambia uone."

Ni kweli mimi nina haya. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, naijibu sakafu. Ninayotaka kusema huwa nayaandika. Babu ndiye mtu mzima pekee ambaye sikuwahi kumwonea haya. Ndiye aliyenisomesha Yasini, yeye aliyejifunza Kiarabu na ndevu zimeshaota, na nilipokosea alikuwa anacheka anasema hata yeye pale palimtoa jasho. Sasa ana mtoto wa jicho, kwa hiyo mimi ndiye ninayemsomea ujumbe wa simu na magazeti. Safari ile niliifurahia. Ndani ya bajaji niliishika bahasha kwa mikono miwili isije ikakunjika. Mlikuwa na picha zake ndogo na hati ya kiapo tuliyoipata kwa wakili, kwamba yule wa jeshini na huyu wa Chumbageni ni mtu mmoja.

Karani alikuwa mama wa makamo, miwani yake ina kamba.

"Shikamoo mzee. Leo umekuja na mlinzi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni mke wangu mdogo."

Wakacheka. Nikaiweka bahasha mezani. Yule mama hakuifungua, aliweka mkono juu yake.

"Sasa mzee, leo tunafanya kweli, au utarudi tena uniambie niache?"

Babu akakohoa. "Mama, mtoto yupo."

"Ndiyo maana nauliza mbele yake. Kila ukija napanga karatasi zako vizuri, nikitaka kuzipeleka kwa mkubwa unarudi unasema jina liachwe lilivyo. Mimi sina neno, jina ni lako. Nisipande ngazi bure tu, magoti yenyewe ndiyo haya."

Nilimtazama babu nikingoja akatae. Nilingoja aseme umenifananisha, mama, wastaafu tuko wengi. Akavua kofia, akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi.

"Basi leo acha," akasema. "Nitakuja."

Nje kulikuwa na benchi la saruji. Akaninunulia juisi ya miwa. Sikuinywa.

"Kwa hiyo faili halitembei," nikasema.

"Faili lipo."

"Babu, kwa nini?"

Akaongea akitazama barabarani. Mama yake alipofariki yeye alikuwa kambini mbali, hakumzika. Aliporudi, dada yake, yule wa Muheza ambaye hupiga simu wakaongea Kibondei nisichokielewa, alimpeleka kaburini akamwapisha kwamba siku yake ikifika atalala pembeni ya mama, kwa jina alilopewa na mama.

"Ndugu zangu wa Muheza ndio watakaokuja kunichukua," akasema. "Na karatasi za jeshi ndizo zitakazowapa haki."

"Na bibi ulimwahidi nini?"

"Nilimwahidi pia."

Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayetaja bei. Nikamwuliza swali lililokuwa linanichoma zaidi, kwamba swala zote zile alizoswali na sisi zilikuwa nini.

"Naswali kweli," akasema. "Hilo usinihukumu."

Nilimwamini, na bado namwamini. Ningeweza kumsamehe na mengine, pengine siku ile ile, kama angenyamaza hapo.

"Sasa wewe mwambie bibi yako mhuri umegongwa," akasema. "Apate usingizi. Mimi nikishakufa sitakuwepo kugombana na mtu."

Akatabasamu, kumbe kwake huo ni utani. Niliwaza uwanja wetu siku ya msiba wake, ndugu zake wako mlangoni na vyeti, bibi hana hata karatasi moja, na mimi nimesimama pale nikijua tangu zamani.

"Na wewe si msemaji," akaongeza. "Hakuna atakayekuuliza zaidi."

Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Nilidhani nikiwa na babu haya zangu zilikuwa zinapumzika. Kumbe yeye alikuwa amezipigia hesabu.

Tulipofika nyumbani bibi alikuwa amepika wali wa nazi na samaki, chakula cha Ijumaa, siku ya Jumanne.

"Haya, mke mwenzangu, lete habari."

"Mhuri umegongwa," babu akawahi. "Mwulize mwenyewe."

Nikasema kichwa kinaniuma. Bibi akanigusa shingo, akasema jua limenipiga, nikalale, akaniletea maji ya ndimu. Baada ya magharibi nilimsikia uani akiongea na yule jirani mjane.

"Yangu yamekwisha, alhamdulillahi," alimwambia. "Natamani na wewe ungewahi."

Yule mjane akampa hongera. Alimpa kwa moyo mkunjufu kabisa. Nikajifunika kanga usoni.

Asubuhi iliyofuata niliingia jikoni, bibi akiwa anachoma vitumbua. Nikakaa kwenye kigoda, nikaangalia miguu yangu, nikamwambia yote, kuanzia yule karani hadi lile benchi. Sikupunguza. Hata lile la kwamba mimi si msemaji nilimwambia. Vitumbua vya kwenye kikaango vikaungua, hakuvigeuza.

"Hicho kiapo cha dada yake," akauliza, "alikula kabla hajanioa, au baada?"

"Sikumwuliza."

Akaepua kikaango, akafuta mikono kwenye kanga yake.

"Kamwite."

Babu alikuwa barazani na tasbihi yake. Nikasimama mbele yake.

"Shikamoo babu. Bibi anakuita. Nimemwambia."

"Wewe?"

"Mimi."

Akabaki amekaa. Sikuondoka. Nilisimama pale pale, namtazama usoni, mpaka alipoinuka akaingia ndani.