Headphone zilizonikosanisha na mshenga wangu

Wakuu, salaam kutoka Kwedizinga, Handeni. Sitatia chumvi, kisa chenyewe kimekolea tayari.

Nimemaliza chuo, nipo nyumbani nasubiri ajira. Kaka yangu wa Dar amenipa headphone zake za closed-back, zile zilizozibwa nyuma, za bei ya kutisha. Siku ya kwanza nilinawa mikono kabla ya kuzishika.

Kuzijaribu, nikaweka wimbo ninaoujua: kaseti ya enzi za Ujamaa, wanakijiji wetu wakiimba huku wanalima shamba la pamoja. Kaka aliihamishia kwenye simu.

Wakuu, nilikoma.

Kwenye spika ya simu ule wimbo ni vurugu tupu. Humu kila mtu ana mahali pake. Besi nzito, lakini haifuniki sauti za watu. Jembe likigonga jiwe unajua ni kushoto. Akina mama wako nyuma kidogo. Anayeongoza ni Mzee Mhina akiwa kijana, unasikia mpaka anavyovuta pumzi.

Kasoro? Masikio yanapata joto. Na ya nje husikii kabisa.

Hapo ndipo balaa lilipoingilia.

Mzee Mhina ndiye mshenga wangu. Jumamosi alikuwa apeleke posa yangu Mpale, kule Korogwe. Jioni ile alikuja kwetu, akapiga hodi. Mimi nipo barazani, nimefumba macho, natikisa kichwa kulia kushoto kwa raha za wimbo.

Mama alimkuta anaondoka.

"Napiga hodi, mwanao ananikatalia kwa kichwa," alimwambia. "Basi Mpale aende mwenyewe."

Nikaanza kuwaza. Nimpelekee sukari? Ataona namhonga. Niende mikono mitupu? Atasema kiburi cha wasomi. Niliwaza mpaka nikamwona mchumba wangu anaolewa na mwingine, na mimi nimealikwa.

Asubuhi nikabeba headphone, nikaenda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo una mdomo?"

Sikujitetea. Nilimwomba avae tu, nikaweka ule wimbo.

Alizivaa. Kisha akafumba macho, akaanza kuimba kwa nguvu mpaka kuku wakakimbia. Mkewe akatoka na kikombe.

"Baba Saidi, chai."

Mzee anatikisa kichwa tu, kulia, kushoto.

"Hutaki? Haya, nakunywa mwenyewe!"

Nikamgusa bega. Akazivua, akamwona mkewe amenuna, akanitazama mimi. Akaangua kicheko.

"Mama Saidi, nisamehe. Nilikuwa shambani na wenzangu."

Kisha akanigeukia: "Jumamosi naenda. Ila hivi vidude viache hapa kwanza."

Alikwenda, wakuu. Posa imepokelewa.

Kwa sauti, sijasikia kitu kizuri kama hiki maishani. Ila ukivaa closed-back kijijini, fumbua macho, tazama njia, na kichwa kitulie.

Wenye uzoefu na zile zilizo wazi nyuma, je, zinapitisha hodi? Nijibuni mapema. Wakwe wanakuja kututembelea, na mimi nimeshaanza kuwaza.