Tundu Katika Mahameli

Fundi makochi wa mtaa ule alikuwa pande la mtu, mikono kama makasia, lakini sauti yake ungedhani ameiazima. Ukitaka kumsikia, sharti usimamishe nyundo yako kwanza. Mke wake alifua shuka hospitalini na kutoka nyumbani alfajiri, kwa hiyo binti yao wa miaka minne alishinda karakanani na baba yake, kati ya sponji, springi na misumari midogo. Wateja walimwita Meneja, kwa jinsi alivyowaamuru wakae na wainuke kwenye makochi yasiyo yao.

Meneja hakuwahi kupigwa. Akirusha gundi, fundi alichuchumaa mpaka macho yao yakutane, akasema mara moja tu, "Gundi hairushwi." Kisha gundi ilipanda juu ya kabati mpaka kesho, hata mtoto agaragare sakafuni alie hadi kamasi zifike kidevuni. Hakumfokea, wala hakuishusha. Aliendelea kugonga misumari yake taratibu karibu naye. "Ukimaliza kulia, mimi nipo hapa."

Mambo hayo yalimkera dada mkubwa wa fundi. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na alimlea kwa kandambili.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema kila alipokuja.

"Huyu si samaki, dada."

"Haya, ni simba. Ngoja akule!"

Fundi alicheka tu. Alimpenda dada yake kupita kiasi. Ila ile kandambili ilimfundisha mambo mawili: kutoka mbio, na kuficha alichovunja. Hakutaka mwanawe awe hodari wa hayo.

Siku moja, fundi alipotoka nje kupokea mbao, Meneja alichukua mkasi akakata duara safi katikati ya kitambaa cha mahameli. Alikuwa akimwona baba yake akikata viduara vya kuvika vifungo vya kochi, akaona amsaidie. Mahameli ile ilikuwa ya bibi mmoja, mwalimu mkuu mstaafu. Aliileta mwenyewe, madukani ilikuwa imekwisha, na jioni ile ile angekuja kuchukua kochi lake.

Fundi aliporudi alimkuta mtoto amekalia tundu.

"Inuka nione."

"Sitaki."

"Najua. Inuka."

Akainuka. Mkono wa fundi ulipanda wenyewe; akautumia kujikuna kichwa. Dada yake, aliyekuwa amekuja kusalimia, alikwishavua kandambili.

"Vaa, dada, mguu utapata baridi." Kisha akachuchumaa. "Mkasi ni wa baba. Kuanzia leo utafungiwa kabatini. Tundu tutalishona mimi na wewe. Na bibi akija, wewe ndiye utakayemwambia."

"Mwambie wewe."

"Mimi sikukata."

Wakafanya kazi. Fundi alikipanga kitambaa ili tundu liangukie nyuma ya kochi, akaliziba kwa masalio. Meneja alishika chaki na ncha ya utepe wa kupimia.

Mwalimu mkuu alipoingia, mtoto alijibanza nyuma ya mguu wa baba yake.

"Bibi, Meneja ana neno na wewe," fundi alisema.

Shangazi mtu akafumbua mdomo. Fundi akamtazama, naye akaufumba. Kucha ndogo za Meneja zilikuwa zikimzama fundi pajani. Angeweza kusema yeye, yakaisha. Hakusema.

"Nilikata kitambaa chako," sauti ilitoka nyuma ya suruali. "Nilitaka kifungo."

"Ulikata wapi? Nionyeshe."

Meneja akamshika mkono, akampeleka nyuma ya kochi, akaweka kidole kwenye mshono. Mwalimu mkuu alivaa miwani, akainama, akatazama, mdomo ameukunja.

"Nitaliegemeza ukutani," alisema hatimaye. "Lakini nimeudhika, mjukuu wangu. Niliipenda sana mahameli hii."

"Samahani, bibi."

Hapo ndipo Meneja alipoangua kilio, kilio cha kweli.

"Sasa huyu analia nini?" shangazi alishangaa. "Si hakuna aliyemgusa!"

Akamtazama mtoto, akamtazama mdogo wake, kisha akamvuta Meneja mapajani na kumfuta pua kwa ncha ya mtandio wake, akinung'unika kwamba watoto wa siku hizi machozi yao ni mengi kuliko nguo za kuyafutia.