Krenki yangu na ya Baba Tumaini

Leo nimeporwa sifa mchana kweupe, hapa hapa Makandana!

Pikipiki ya shemeji inagonga. Nikagusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, nikatega sikio kwenye mpini. "Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imekwisha."
Mafundi wenzangu wakaifungua. Krenki kweli! Mbeya nzima nani angesikia vile?

Nikakimbilia nyumbani kuleta yangu ya akiba, niliyoifunga kwa majani ya mgomba na kuiweka juu ya jiko.
Nafungua mbele za watu... kutu tupu. Mvua hizi!

Fundi jirani, Baba Tumaini, akatoa yake kwenye kitambaa cha oili. Inang'aa, nikaichukia.
"Kaka, yako ulikuwa unaivisha?"
Shemeji alicheka kuliko wote, akafungiwa ile ya Baba Tumaini.

Kufika nyumbani, mke wangu anapaka majembe oili.
"Nani kakufundisha?"
"Baba Tumaini."

Jamani, nihame mimi au ahame yeye?