Kisahani Nilichokiosha kwa Marashi

Niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mambo ya seli lawama ni yangu, si ya yule mtafiti. Yeye alinieleza vizuri.

Nilikuwa natunza nyumba ya wageni Diani. Alipanga chumba kwa miezi mitatu, dada wa bara, mpole, akaja na hadubini na visahani vya plastiki vyenye kitu kama jeli. Humo mlikuwa na minyoo wadogo kama nukta. Siku moja akaniita nichungulie. Mnyoo alikuwa mwangavu kama kioo, yu hai, na ndani ya neva yake chembe za kijani zikisafiri. Akasema hizo ni protini, kazitia alama zing'ae. Seli huzichambua, huzifunga vifurushi, kila kifurushi kikapelekwa kinakotakiwa. Kisha akabadilisha kisahani. Mnyoo huyu chembe zilikuwa zimerundikana upande wa kichwa. Mkia mtupu, anauburura.

Nikashika meza. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja, na miguu yake ilikuwa ikifa kuanzia nyayo. Daktari wake alituambia jambo hilo hilo: mizigo haifiki miguuni, na dawa hana. Simlaumu. Alisema kweli.

Nikauliza kama kuna mnyoo aliyepona. Mtafiti akasema kipo kisahani kimoja alichokitia dawa ya majaribio, na mikia imeanza kucheza.

"Lakini hii ni ya minyoo, mzee. Usiweke tumaini hapo."

Alisema wazi, nashuhudia. Mimi nilisikia "imeanza" tu.

Kwetu mgonjwa hunyweshwa kombe: mwalimu huandika aya kwa zafarani ndani ya sahani, ikaoshwa kwa maji na marashi, mgonjwa akayanywa. Kisahani kile nacho kilikuwa na maandishi ya wino chini yake. Ijumaa, mtafiti alipokwenda Ukunda, nikakiosha kwa marashi, maji nikayatia chupani, nikayasomea Fatiha. Sikujiona mwizi. Hata sasa sijui nilikuwa nini.

Nyumbani mke wangu alimwinua mtoto, akamwegemeza kifuani. Akaipokea chupa, akainusa.

"Kombe hili kaliandika nani?"

Mtoto keshafungua kinywa. Nilitafuta jina la mwalimu yeyote nidanganye.

"Sijui kilichoandikwa," nikasema.

Hakunigombeza. Alitoka akayamwaga shinani mwa mpapai, akarudi akamlaza mtoto.

Kesho yake nilimwambia mtafiti yote. Alikigeuzageuza kile kisahani kitupu mkononi. Ndicho pekee kilichokuwa kimeitikia dawa, na hakuwa amewahi kukipiga picha. Nilimtaka radhi, nikangoja anifukuze.

"Mtoto amekunywa?" akauliza.

Nikamwambia la. Akashusha pumzi, ndipo akalia. Baadaye akasema ataanza upya, na kwamba minyoo hawaharakishwi.

Jioni nilimsugua binti yangu nyayo kwa mafuta ya nazi, kama kila siku. Nikamuuliza kama anausikia mkono wangu. Aliniangalia usoni kwanza, apate kujua jibu ninalolitaka.

"Nausikia, baba," akasema.

Mkono nilikuwa nimeshauondoa.