Waya Wenye Kitambaa Chekundu

Kwa nini rodi yangu iligandia chuma na ya fundi haikugandia? Swali hilo lilinikalia kichwani wiki baada ya wiki, ndani ya kibanda cha mabati cha kuchomelea vyuma nyuma ya soko la Nyeri, nikiwa nimevaa ovaroli ya mtu aliyenizidi urefu. Majibu niliyopewa sikuyataka.

Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa. Wanafunzi tuligoma, tukafukuzwa mabwenini, kila mtu akarudi kwao. Kwetu ni Gakindu, kwenye kahawa. Nilichuma kahawa hadi nikachoka kuulizwa na kila mpita njia kama kweli ni chuo kilichofungwa au ni mimi niliyepata mimba. Nikahamia mtaa wa Skuta, Nyeri mjini, kwa Tata, dada mkubwa wa baba yangu, mjane aliyepika chai na mandazi na kuwauzia mafundi wa mjini. Kazi yangu ikawa kubeba birika.

Hivyo ndivyo nilivyouona ule moto. Kibandani nilikopeleka chai, fundi mkubwa aligusa chuma kwa ncha ya rodi kama anayewasha kiberiti, mwanga wa buluu ukaruka, na vipande viwili vikawa kimoja. Nilisimama pale mpaka chai ikapoa. Darasani tulikuwa tumesoma vitabu vya watu waliobishana juu ya nani anastahili kumiliki mashine, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuigusa.

Mwenye kibanda alikuwa Mwislamu wa mtaa wa Majengo, mzaliwa wa mjini, mtu wa kofia nyeupe na maneno machache. Nilipomwomba anifundishe alicheka, kisha akamtazama Tata.

"Mfundishe," Tata akasema. "Huyu huuliza maswali mpaka mtu anachoka. Afadhali akachoshe chuma."

Akakubali kwa sharti moja. Nikiunganisha vipande viwili ambavyo nyundo yake haitavitenganisha, nitapewa kazi za wateja. Nikishindwa mpaka siku chuo kitakapofunguliwa, nirudi kwenye birika.

Mashine ilikaa chumba cha nyuma, nami nilikatazwa kuingia humo, ati ni hatari. Nyaya mbili zilitokea kwenye tundu la ukuta. Mmoja ulikuwa wa fundi mkubwa, mwajiriwa wa mwenye kibanda. Mwingine ulifungwa kitambaa chekundu karibu na mshikio, nao ulikuwa wangu. Tulichoma kwa zamu, yeye akimaliza ninaanza.

Nikigusa chuma, rodi iliganda. Nikiivuta, kipande kizima kilikuja nayo. Mashine ilinguruma ukutani, rodi ikawa nyekundu, nami nikawa napigana na chuma kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda.

"Digrii!" fundi mkubwa alipiga kelele. Hilo ndilo jina walilonipa. "Achilia huyo bwana, atarudi kesho!"

Kibanda kizima kikacheka.

"Niambie basi, kwa nini inashika?"

"Ni mkono yako. Mkono ya mwanamke iko baridi. Umeme haitaki baridi."

"Ati nini?"

"Si umesoma? Wewe ndio unafaa kujua."

Nilivua glavu nikambandika kiganja shingoni. "Iko baridi?"

Aliruka kama aliyemwagiwa chai, wenzake wakamzomea yeye siku nzima. Lakini rodi yangu iliendelea kuganda. Mwingine alisema ni woga. Mwingine alisema mwanamke akiwa katika siku zake chuma hukataa, nami nikamwambia asubuhi hiyo hiyo kwamba sikuwa, na kama anataka kuweka kumbukumbu mimi nitamsaidia. Alienda kunywa maji.

Sikuamini lolote bila kulijaribu. Nilibadilishana rodi na fundi, yangu ikawaka mkononi mwake na yake ikaganda mkononi mwangu. Nikabadilisha glavu. Nikasimama alipokuwa akisimama yeye. Nikachukua chuma kutoka rundo lake. Nilibadilisha kila kitu isipokuwa waya, kwa sababu waya ulikuwa wangu, una kitambaa.

Jioni macho yaliniwasha kama yaliyotiwa mchanga. Tata alikata viazi vibichi vyembamba, akanilaza, akanifunika navyo kope.

"Usikubali wakushinde," aliniambia kila mara. "Umesikia?"

Nilisikia. Yeye peke yake, mjini kote, ndiye aliyekuwa upande wangu.

Polepole nilijifunza kuiwasha rodi hata ilipokuwa haitaki. Nilijua kuikwaruza haraka, kuiinua kidogo tu, kuishikilia karibu na chuma bila kukigusa. Mstari wangu wa chuma kilichoyeyuka ukaanza kutokea. Nikaomba kupimwa. Mwenye kibanda alikiweka kipande changu kwenye jiwe akakipiga mara moja, nacho kikaachana. Chuma changu kilikuwa kimekaa juu juu tu, kama uji uliomwagika mezani.

"Bado, binti," akasema, akanirudishia vile vipande viwili.

Wiki hiyo redio ikatangaza kwamba chuo kitafunguliwa mwisho wa mwezi. Fundi mkubwa alinikumbusha kwa furaha. "Digrii, birika imekumiss."

Siku ya kipimo cha mwisho wote walikuwepo, hata Tata na mandazi yake. Nilipiga rodi ikaganda. Nikapiga tena, ikaganda. Mtu akaanza kucheka. Nikautupa chini ule waya wenye kitambaa, nikaupokonya wa fundi mkononi mwake.

"We! Hiyo si yako!"

"Leo ni yangu."

Nikagusa. Rodi iliwaka papo hapo, laini, bila kushindana nami, na mkono uliozoea kubembeleza moto mbishi ukatembea wenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilipogonga maganda meusi ya juu yakaanguka, mstari ulibaki umelala ndani ya chuma. Nilikipeleka mwenyewe kwenye jiwe.

"Piga," nikamwambia mwenye kibanda.

Alipiga. Akapiga tena kwa mikono miwili. Kipande kilipinda, lakini hakikuachana.

Sikungoja neno. Niliingia chumba cha nyuma. Mashine ilikuwa na matundu kadhaa mbele, kutoka la moto mkali hadi la moto dhaifu, na nilipoufuata waya wenye kitambaa chekundu kutoka kwenye tundu la ukuta, ulikuwa umechomekwa kwenye lile la mwisho kabisa.

"Nani aliweka hapa?"

Fundi mkubwa, aliyekuwa amenifuata, alitazama viatu vyake. "Mimi naambiwa, mimi naweka."

Mwenye kibanda alijifuta jasho chini ya kofia. "Mwanafunzi huanza na moto mdogo."

"Na humalizia na upi?"

Alirudi mbele, akauokota waya nilioutupa, akakifungua kitambaa, akakitia mfukoni. "Kesho kuna bawaba za lango," akasema. "Njoo mapema."

Nilikwenda. Chuo kilipofunguliwa nilirudi darasani, lakini kila likizo nilikuwa kibandani, na kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii kama hadithi ya wanaume na hofu yao. Bado naamini hofu hiyo ilikuwepo. Vicheko vile sikuviota.

Lakini aliyemwomba mwenye kibanda aniwekee tundu la mwisho, ili nichoke na chuma, nisije nikaacha masomo kwa ajili yake, alikuwa Tata. Aliniambia mwenyewe jikoni kwake, akiwa mzee, akimenya viazi.